Mgeni Akienda, Dawa Itatoka Wapi?

Wasomaji wetu wa Beni na Butembo hawana haja ya kufundishwa maana ya neno msaada. Wameuona ukija kwa ndege, wameuona ukija kwa magari meupe, na wameuona ukiondoka. Jambo tunalotaka kulitazama leo pamoja na wazazi, walimu na wanafunzi ni hili: msaada ukisha kuondoka, ni kitu gani kinachobaki katika dispensari ya kijiji? Maana mtoto hushikwa na homa mwaka ambao wageni wapo, na hushikwa na homa vile vile mwaka ambao hawapo.

Swali hili ni la zamani, lakini tangu mwaka 2025 limekuwa kali. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais Donald Trump wa Marekani aliamuru fedha za kusaidia nchi za nje zisimamishwe. Na tarehe 1 Julai shirika la USAID, lililokuwa likifanya kazi tangu mwaka 1961, likafikia mwisho wake. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa imetoa kadiri ya dola 7 katika kila dola 10 za misaada ya dharura nchini Kongo. Nchi kadhaa za Ulaya nazo zikapunguza mikono yao. Wakati huo huo vita vilizidi: mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na M23, na makao ya serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini yakahamishiwa Beni. Basi Beni ikapata heshima ya kuwa makao ya jimbo, nayo maghala ya dawa ya Goma, yaliyokuwa yakilisha hospitali nyingi za jimbo, yakawa ng'ambo ya mstari wa vita.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu, wala kumlaumu aliyetoa kisha akaacha kutoa. Aliyekupa maji jana hakuwa na deni kwako. Lakini yatupasa kujua nyumba yetu imesimama juu ya nguzo ipi.

Siku walipoondoka

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipopata uhuru, ilikuwa na hospitali na dispensari nyingi kuliko nchi nyingi za Afrika, na wageni waliotembelea nchi walizisifu. Lakini katika nchi nzima hakuwako Mkongo hata mmoja mwenye shahada kamili ya udaktari. Walikuwako wasaidizi wa udaktari, watu wenye ujuzi mwingi na cheo kidogo. Machafuko ya Julai yalipozuka, madaktari wengi wa Kibelgiji wakafunga mizigo kwa siku chache. Shirika la Afya la Ulimwengu, WHO, likaleta madaktari kutoka mataifa mengine, tena likawapeleka wasaidizi kadhaa wa Kikongo huko Ufaransa wamalize masomo. Majengo yalikuwapo, vitanda vilikuwapo, hata darubini zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuinama juu ya darubini.

Sasa tutazame Oicha, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Beni. Hapo ndipo Dr Carl Becker, Mmarekani wa misheni ya ndugu zetu Waprotestanti, alipofanya kazi tangu miaka ya 1930. Rika la babu zetu lilimjua kote kote, na wakoma walimjia kwa maelfu. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipokaribia, yeye na wenzake iliwabidi kuondoka. Lakini Oicha haikufa, kwa kuwa daktari huyo kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha wauguzi wa hapo kuifanya kazi kwa mikono yao wenyewe. Alipoondoka, mikono ilibaki. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha hospitali ya Nyankunde, huko Ituri, ambako mafundisho ya wauguzi yalipewa nafasi kubwa. Nyankunde nayo ilishambuliwa mwezi wa Septemba 2002, watu wakauawa kwa mamia. Waliookoka walitembea kwa miguu siku nyingi kupita msituni mpaka Oicha na Beni, na walipofika wakaanza tena kutibu na kufundisha.

Kuondoka kwa tatu kulitokea mwaka 1991, na hapo yafaa kueleza kidogo. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba huduma ya afya ianzie karibu na watu, kijijini, kabla ya kufikiria hospitali kubwa za mijini. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, ililichukua neno hilo kwa bidii. Nchi ikagawanywa katika maeneo ya afya 306. Leo yamefika 519. Kila eneo lina hospitali yake kuu, na vituo vya vijijini vinavyoitegemea hospitali hiyo. Beni, Butembo, Katwa, Mabalako, Oicha, Mutwanga, Kyondo na Musienene ni majina ya maeneo ya namna hiyo. Wamarekani walitoa fedha kwa mradi ulioitwa SANRU, ulioanza mwaka 1981 mikononi mwa Kanisa la Kristo la Zaire. Ulisaidia maeneo 50 kwanza, kisha 100, ya Waprotestanti, ya Wakatoliki na ya serikali bila kubagua. Halafu mwezi wa Septemba 1991 askari walipora Kinshasa na miji mingine, na Marekani ikakata msaada. Ubelgiji ilikuwa imekwisha kuukata wake mwaka uliotangulia.

Maeneo mengi yalidhoofika, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Lakini pale ambapo jimbo la Kanisa au misheni ilikuwa na mizizi, na pale ambapo watu walikuwa wamezoea kuchangia kituo chao, kazi iliendelea katika miaka ile ya njaa na vita. Hata sasa karibu nusu ya huduma za afya za Kongo zimo mikononi mwa makanisa. Jimbo la Butembo-Beni lina ofisi yake ya kazi za uganga, nayo ni mtandao wa hospitali na vituo ambao msomaji anaujua vizuri kuliko sisi, kwa kuwa huenda alizaliwa katika kimojawapo.

Sanduku la dawa

Wanafunzi hutuuliza: kituo cha afya chaishije? Hesabu yake ni nyepesi, na kila mwenye duka sokoni aijua. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika waliikubali katika mkutano wa Bamako, huko Mali.

Tuseme kituo kimepewa mara moja sanduku la dawa zenye thamani ya faranga 1,000,000. Zikiuzwa kwa wagonjwa kwa bei ya juu kidogo, jumla ya faranga 1,200,000, faranga milioni moja hununua sanduku la pili lililo sawa na la kwanza. Zile 200,000 zilizozidi hulipa pikipiki ya kuzichukua dawa, hufidia zilizoharibika, na hufunika gharama za maskini asiyeweza kulipa. Sanduku la pili huzaa la tatu, na la tatu huzaa la nne. Mfadhili alitoa mara moja tu. Tangu hapo ni watu wenyewe wanaolijaza.

Kwenye karatasi ni hesabu nzuri. Katika maisha sanduku hilo lina matundu. Tundu la kwanza ni fedha yenyewe. Katika miaka ya 1990 fedha ya Zaire ilipoteza thamani upesi mno, hata mtu aliyeuza dawa Jumatatu akangoja mwisho wa mwezi kwenda kununua nyingine, alirudi na robo ya sanduku. Tundu la pili ni deni la jamaa. Muuguzi ni mtu wa kijiji. Ana shemeji, ana mjomba, ana mkuu wa mtaa. Watu hawa huja usiku, wala hawaji na faranga. "Mwanangu, utanidai mavuno yakitoka." Nani atamjibu mjomba kwamba hapana? Ndiyo maana mahali pengi kitabu cha dawa na ufunguo wa sanduku hukaa mikononi mwa watu wawili tofauti.

Lipo tundu kubwa zaidi, nalo ni mshahara. Wauguzi wengi wa Kongo hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali, na walio ndani yake hupata kidogo, tena kwa kuchelewa. Basi wanakula nini? Wanakula kile mgonjwa anacholipa. Kila noti anayoitoa mama mwenye mtoto wa homa hugawanywa: sehemu ya muuguzi, sehemu ya dawa, sehemu inayopanda ofisini juu. Muuguzi anayeishi kwa kila kidonge anachouza hushawishika kuandika vidonge vitano mahali pa viwili, na sindano mahali pa maji ya kunywa. Hatusemi kwamba wote hufanya hivyo; tunasema kwamba njaa si mshauri mwema. Kwa ajili hiyo vituo vingi vimechukua malipo ya jumla: mgonjwa hulipa kiasi kimoja kinachojulikana mapema, ndani yake mna kumwona muuguzi, kipimo na dawa. Mtoto akihitaji vidonge vingi au vichache, baba yake hulipa sawa.

Na asiye na kitu kabisa? Hapo hesabu ya sanduku hunyamaza. Si siri kwamba katika hospitali nyingi za nchi hii mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, akishindwa kulipa, huzuiliwa wadini na mtoto wake mpaka jamaa wauze mbuzi au shamba. Wengine hutazama jambo hilo mbele, wakaamua kuzalia nyumbani. Wale wanaosema kwamba watu wakilipa wenyewe mambo yote yatakuwa sawa, waende kwanza wakakae mchana mmoja kwenye mlango wa wodi hiyo.

Neno moja juu ya dawa yenyewe, kabla hatujapita. Milima ya Beni, Lubero na Kivu yote huota kwinkina, mti ambao gamba lake hutoa kwinini. Wakulima huyakausha magamba na kuyauza kwa uzito; sehemu kubwa huuzwa nchi za nje. Bukavu kiko kiwanda cha Pharmakina kinachotengeneza kwinini humu humu nchini. Hata hivyo mkulima wa kwinkina ambaye mtoto wake anapatwa na malaria hutegemea dawa iliyotoka ng'ambo na kupita katika mikono mingi. Twaliacha jambo hili kwa walimu wa jiografia, litawafaa darasani.

Miaka ya Ebola

Sasa tumefika mahali penye uchungu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola iko Mangina, katika eneo la afya la Mabalako. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Wafanyakazi wa afya zaidi ya 160 walikuwa miongoni mwa waliougua. Ni mlipuko mmoja tu uliowahi kuwa mkubwa kuliko huo, ule wa Afrika ya Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016.

Mamia ya mamilioni ya dola yalitumika. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Dawa mbili zilipatikana kwa majaribio yaliyofanywa hapa hapa, na matokeo yake yakatangazwa Agosti 2019. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Haya ni mambo makubwa, na watu wa Beni wana haki ya kujivunia kwamba ulimwengu uliyapata kwao.

Lakini waulize hao watu wa Beni walivyoyaona. Tangu Oktoba 2014 walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga na waasi wa ADF, na magari meupe hayakuja kwa wingi namna hiyo. Watoto wao walikuwa wakifa kwa malaria na kuhara, na hakuna aliyefunga safari kutoka ng'ambo. Ilipokuja Ebola, ugonjwa unaoweza kupanda ndege na kufika miji ya mbali, fedha zikamwagika. Magari yalikodishwa, nyumba zilikodishwa, na mtu aliyejiunga na kazi hiyo alipata kwa mwezi kiasi ambacho muuguzi wa kijiji hakukipata kwa muda mrefu. Watu wakaiita "biashara ya Ebola". Dhana hiyo ilileta maafa. Mwisho wa Februari 2019 vituo vya kuwatibia wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Na tarehe 19 Aprili Dr Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na WHO, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, mjini Butembo. Hakuna shaka inayoweza kuhalalisha damu hiyo. Lakini asiyetaka kujua shaka ilitoka wapi hatajifunza kitu.

Wakati huo vituo vya kawaida vilikuwaje? Wauguzi wengi hodari walivutwa na mshahara wa Ebola. Katika vizahanati vya mitaani vya Beni, watoto walioletwa kwa homa ya malaria walikaa pamoja na wagonjwa wa Ebola wasiojulikana, na wengine waliambukizwa hapo hapo. WHO lilisema kwamba hata nusu ya watu waliopimwa katika vituo vya Ebola walionekana kuwa na malaria tu. Kwa hiyo Novemba 2018 ilifanywa kampeni ya siku nne Beni, ya kugawa dawa za malaria na vyandarua kwa watu waliokadiriwa kufika 450,000. Tunaona hapo waganga wa Ebola wakirudi, kwa njia ndefu, kwenye kazi ile ile ya dispensari.

Jambo jingine lilionekana ambalo kwetu sisi ni kubwa. Serikali ilitangaza kwamba katika maeneo yaliyopatwa na Ebola matibabu ya kawaida nayo yatakuwa bure, gharama zikilipwa kwa fedha za nje, hasa za Benki ya Dunia. Mara watu wakafurika vituoni. Malaria haikuwa imeongezeka ghafula kiasi hicho. Ni wagonjwa wa siku zote, wale waliokuwa wakilala nyumbani kwa kukosa faranga, sasa walitoka. Kwa miezi kadhaa tuliweza kuwahesabu. Halafu fedha zikaisha, malipo yakarudi, nao wakarudi walikokuwa.

Mwaka ule ule wa 2019 surua ilipita Kongo nzima. Mpaka Januari 2020 waliodhaniwa kuugua walifika zaidi ya 310,000, na waliokufa zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ni zaidi ya mara mbili ya waliokufa kwa Ebola. Chanjo ya surua ni ya zamani, na bei yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni friji inayofanya kazi, mafuta au jua la kuiendesha, muuguzi aliyekula, na njia isiyo na risasi.

Kisha Ebola ilirudi, mwezi wa Februari 2021, upande wa Butembo. Safari hii makundi ya wageni hayakuja kama mara ya kwanza. Maabara ya Butembo yenyewe iliutambua ugonjwa. Wauguzi na wajumbe wa afya wa vijijini, waliofunzwa katika ile miaka miwili migumu, walifuata nyumba kwa nyumba. Wakuu wa afya wa jimbo wakaongoza. Tarehe 3 Mei ilitangazwa kwamba umekwisha: watu 12 waliugua, 6 wakafa. Mwezi wa Oktoba uliingia Beni, wakaugua 11, ukaisha Desemba. Agosti 2022 alionekana mgonjwa mmoja tu. Msomaji alinganishe na ile 3,470. Ni kweli chanjo na dawa zilikuwa tayari zimepatikana, na zilitoka nje. Lakini chanjo haitembei yenyewe mpaka Biena.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Huenda mtu atasema: mmetuonyesha kwamba malipo huwafukuza maskini, na kwamba msaada huisha; sasa tufanye nini? Hatuna dawa ya kila kitu. Twaweza kusimulia yaliyokwisha kujaribiwa katika nchi hii hii.

Mwaka 1986 hospitali ya Kikatoliki ya Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, iliwaalika watu wa wilaya yake kuweka akiba ya pamoja. Kila jamaa ililipa mchango mdogo mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya kila mtu wa nyumbani. Atakayelazwa hospitalini mwaka huo atalipa sehemu moja tu katika tano za gharama. Zilizobaki zitatoka katika mfuko. Katika mwaka wa kwanza walijiandikisha watu 28 katika kila 100, na baada ya miaka michache walipita 60. Siri yake ilikuwa katika kalenda: mchango ulikusanywa wakati watu walipouza mazao yao. Mkulima anazo fedha siku ya mavuno, lakini ugonjwa hauna msimu. Ukimwomba mchango mwezi wa njaa, unamtukana. Ukimwomba siku anapopima kahawa yake, anakusikiliza. Tena fedha zinazoingia kwa pamoja zaweza kununua dawa mapema, kabla bei haijapanda. Na ili mfuko usiliwe na wenye mafua, mgonjwa ilimpasa apitie kwanza kituo cha kijiji, apewe barua ya kwenda hospitali.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya jambo linalofanana huko Igunga mwaka 1996, chini ya serikali yao. Mifuko ya namna hiyo imeanzishwa mahali pengi; mingine imesimama, mingine imeanguka kwa sababu mtunza fedha alikimbia, au kwa sababu watu walilipa na walipofika hospitalini hawakukuta dawa. Kwa maana hiyo mfuko hufuata dawa, wala hauitangulii. Tena tusisahau kwamba hata Bwamanda ilikuwa na mkono wa Wabelgiji nyuma yake. Michango ya wakulima haikujenga wodi wala haikumsomesha daktari.

Je, Beni na Butembo hazina kahawa? Hazina kakao? Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana mpaka Dubai na Guangzhou, na mji wao ulijengwa zaidi kwa mifuko yao kuliko kwa hazina ya serikali. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo hilo tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza waamini wake kutengeneza barabara zao wenyewe, na Chuo Kikuu cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, sasa kinafundisha madaktari. Basi nguvu ya kuchangia ipo. Kinachohitajika ni uaminifu, na huo hauletwi na ndege.

Lakini mzigo huu una sehemu ambayo haifai kuwatwika wakulima, na hapo twasema waziwazi. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga fungu 15 katika kila 100 za fedha za serikali kwa ajili ya afya. Kongo haijafika huko, tena iko mbali. Muuguzi wa Kyondo ni mtumishi wa taifa kama vile askari, na mshahara wake ni deni la taifa. Chanjo nazo hazinunuliwi kwa michango ya kijiji. Kwa sehemu kubwa huletwa kwa fedha za Gavi, chama cha chanjo kilichoanzishwa mwaka 2000. Na Juni 2025 Marekani ilitangaza kwamba haitakichangia tena. Nchi hulipa sehemu yake ndogo ya chanjo hizo. Sehemu hiyo ikichelewa Kinshasa, friji ya Musienene hubaki tupu, hata kama wazazi wote wa Musienene wamelipa michango yao kwa wakati.

Wala mchango hauzuii risasi. Mwezi wa Novemba 2025 waasi wa ADF walishambulia usiku kituo cha afya cha Kikatoliki cha Byambwe, wilaya ya Lubero. Wagonjwa waliuawa vitandani, akina mama wenye watoto wachanga wakiwamo, na kituo kikachomwa moto. Mahali kama hapo sanduku la dawa huanza tena kutoka mwanzo, nalo litahitaji mkono wa mtu wa mbali.

Ndiyo sababu hatusemi msaada ukome. Twasema upite mlango gani. Mfadhili anayejenga hema lake kando ya dispensari, akamchukua muuguzi wake na kugawa dawa bure kwa miezi sita, humwachia yule mwenye dispensari sanduku lililooza na watu wasiotaka tena kulipa. Mfadhili anayeingia kwa mlango wa dispensari yenyewe, akalipa gharama za maskini kwa kituo, akamwongezea muuguzi mshahara pale pale alipo, akafundisha wa pili na wa tatu, huyo akiondoka huacha kazi inayoendelea. Namna ya pili ina faida ndogo kwa picha za magazeti.

Kwa wazazi tuna jambo moja la kutenda, nalo halingoji Kinshasa wala Washington. Kila kituo cha afya kina kamati yake ya afya, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wanakijiji. Kamati hiyo ina haki ya kukifungua kitabu cha dawa na kukilinganisha na kilichomo sandukuni, kuuliza kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, na kuibandika bei ya matibabu mlangoni mahali ambapo kila mtu ataisoma. Katika vijiji vingi watu hawajui wajumbe wao ni akina nani. Jumapili hii, watu wakisimama nje baada ya Misa kabla ya kutawanyika, wanafunzi wanaojua kusoma hesabu wawaulize wazee majina hayo.